Hesabu ya Jogoo

Kabla sijamwona, nilimsikia akiwika.

Nilikuwa nimesimama kwenye korido, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kericho, nikisubiri kuitwa kwa mahojiano ya kazi. Upande wa pili wa ukuta wa mbao jogoo aliwika, akakatiza katikati, akakohoa, akawika tena kwa sauti ya chini kidogo. Kisha mwanamke akasema, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha madaftari, "Hapana. Huyu bado ana usingizi. Watoto watadhani ni mgonjwa." Jogoo akawika mara ya tatu, na safari hiyo hata mimi niliyekuwa korido nilijua kumekucha.

Nilipoingia, cha kwanza kuonekana kilikuwa nyayo za miguu miwili iliyovaa soksi, zikichungulia chini ya meza iliyofunikwa leso. Juu ya meza alikaa jogoo. Mwili wake ulikuwa sponji ya godoro iliyovikwa sweta ya shule ya kijani, na kilemba chake kilikuwa kimekatwa kwenye ndara nyekundu ya patipati. Jogoo akanigeukia, akaniuliza kama ni mimi ninayeandika. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama naweza kuandika kifupi. Nikamwambia nitajaribu. Akainamisha kichwa, akafikiri, akasema basi nije Jumatatu.

Baadaye huyo mwanamke aliniambia nilipata kazi kwa sababu nilimwangalia jogoo machoni. "Wenzako wote waliongea na meza," alisema.

Sote tulimwita Mwalimu, ingawa miaka mingi ilikuwa imepita tangu aache darasa. Alikuwa mtayarishaji wa kipindi cha watoto cha runinga, kipindi cha kufundisha wale wa chekechea rangi, herufi, hesabu, kunawa mikono na kuomba ruhusa. Yeye ndiye aliyekibuni, akashona vikaragosi vyake, akavipa sauti, akapanga masomo na kuketi kwenye kompyuta kukata na kuunganisha picha. Kituo kilikuwa kidogo. Mwenye studio alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya umeme, na studio yake iliishi kwa kurekodi harusi, michango ya makanisa na sherehe za Desemba vijana wanapotoka jandoni. Matangazo yake yalifika hadi Bomet, mawingu yakikubali.

Njia iliyomleta Mwalimu chini ya ile meza alinisimulia vipande vipande, mara nyingi akiwa na sindano mdomoni. Alianza kufundisha chekechea upande wa Longisa, katika darasa la mbao ambalo upepo ulipita ndani kama mwanafunzi aliyechelewa. Wakati mmoja mwenye duka la karibu alinunua runinga ili watu waangalie mbio, na watoto wakajazana dirishani. Kesho yake darasa zima lilikuja likiimba tangazo la sabuni, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile sauti ya povu. Yeye alikuwa amewafundisha wimbo wa siku za wiki muhula mzima na bado Alhamisi ilikuwa inapotea. Hakukasirika. Alichotaka kujua ni nani aliyeutengeneza ule wimbo wa sabuni, na kwa nini mtu huyo asiwafundishe siku za wiki.

Swali hilo lilimpeleka Nairobi. Alipiga chapa skripti za wengine, akabeba nyaya, akashikia waigizaji miavuli. Siku mchezesha vikaragosi alipougua, aliingia chini ya meza kwa mara ya kwanza, na akaona, kwa maneno yake, kwamba ndiyo sehemu pekee katika studio ambapo mtu mzima analingana kimo na mtoto. Akapanda, akawa mtayarishaji wa masomo ya shule. Kisha mama yake alilazwa Longisa, hospitali kubwa, na akarudi kumuuguza. Baada ya mazishi hakuondoka tena. Alikodi chumba mjini, akaenda kwa mwenye studio na jogoo ndani ya mfuko wa plastiki.

Hakuwa na mume wala mtoto. Hilo sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na kila mtu mwingine.

Kazi tuliifanya asubuhi, kwa sababu mchana huku ni wa mvua, na mvua ya mawe ikipiga mabati hakuna maikrofoni inayosikia kitu kingine. Kuta tulizifunika kwa trei za mayai. Mwenye kamera alikuwa kijana wa Kipkelion, mtu mrefu, mcheshi, aliyezoea kurekodi maharusi na akawa kila mara anataka jogoo asogee karibu na maua. Mimi niliandika. Skripti zangu za kwanza Mwalimu alizisoma kwa sauti, akazirudisha zikiwa zimekatwa nusu. Nilikuwa najaza kila nafasi. Jogoo akiuliza rangi ya ndizi, mimi tayari nilikuwa nimemwandikia jibu.

Alinifundisha kuacha kimya. Jogoo akiuliza, alisema, kuna mtoto mahali fulani, kwenye kiti kikubwa kuliko yeye, anayetaka kujibu, na ni lazima apewe muda wa kujibu. Muda wenyewe ni kama wa kunywa funda moja la chai ya moto: unapuliza, unavuta, unameza. Ukiwahi, umemnyang'anya. Ukichelewa, amekwenda kumtafuta paka. Kila skripti aliipeleka kwanza kwenye darasa halisi, akakaa nyuma na kuwaangalia watoto miguu. Mtoto akianza kuchezea kamba ya kiatu, ukurasa huo ulikatwa, hata kama ulikuwa na sentensi niliyoipenda. Nimeandika vitabu tangu wakati huo, na bado ninapoandika naangalia miguu ya watu nisiowaona.

Katika mwaka wangu wa pili hapo, kituo kikubwa cha Nairobi kilipiga simu. Walikuwa wameona jogoo. Walitaka msimu mzima wa kipindi, kionekane nchi nzima, kirekodiwe hapa hapa kwetu na Mwalimu mwenyewe, mradi kipindi kimoja cha mfano kipitishwe na jopo lao la walimu. Mwenye studio alifurahi, lakini alisema wazi mbele yetu sote kwamba hilo ndilo tumaini lililobaki. Kuna mhubiri aliyetaka chumba kile kila asubuhi, na amekuwa akimzungusha. Kipindi kikipita, mhubiri atatafuta kwingine. Kisipopita, jogoo atatafuta kwingine.

Mwalimu alikuwa amengoja simu hiyo tangu siku ya wimbo wa sabuni. Alisikiliza, akashukuru, akaweka simu chini, akaenda dirishani. Nje mashamba ya chai yalikuwa yamekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Kisha akarudi na kusema tunaanza na hesabu.

Jopo lilitaka somo la moja hadi kumi, na katika somo hilo sehemu moja iitwayo "Tuko wangapi?" Watoto wenyewe ndio wahesabiwe, si vitu, ili mtoto ajione yuko katika kundi. Nilidhani ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Niliandika zile nyingine, na kila nilipouliza kuhusu hiyo, Mwalimu alisema ingoje kwanza. Mwishowe, katika hoteli ya jirani tulipokuwa tukinywa chai, alituambia shida yake.

"Huku hatuhesabu watoto," alisema. "Wala ng'ombe. Mama yangu ukimwuliza ana watoto wangapi, angekuambia, wapo."

Nikamwuliza wakihesabiwa inakuwaje.

"Unamwonyesha mwenye kuchukua pa kuanzia."

Mwenye kamera akasema kwao Kipkelion wako wengi kiasi kwamba hata baba yake, mchungaji, angeanza kuwahesabu angelala njiani. Tukacheka. Lakini mimi nilikuwa nimemkumbuka mama yangu. Wazazi wangu walikuja huku kutoka Kisii kuchuma chai, na mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi. Nakumbuka karani wa sensa akisimama mlangoni kwetu na kalamu yake, akiuliza watoto wangapi, na mama akimjibu, "Hao unaowaona," huku akiwa amewatuma wengine kuni. Nilikuwa nimefikiri siku zote kwamba alikuwa hamwamini karani.

Mwalimu alikuwa amezaliwa hapa, tena alijua vizuri kuliko sisi. Na pengine ndiyo maana alikosea vile alivyokosea. Mgeni angehesabu tu bila kujua, akasamehewa. Yeye alitafuta njia ya kupita pembeni. Alituinamia mezani, macho yakimeta, akasema ameipata: atakayehesabu ni jogoo. Jogoo si mtu. Hana ukoo, hana kijicho, hamjui mwenye kuchukua. Mwiko ni wa watu.

"Na akikosea hesabu, tunamchinja," akasema mwenye kamera.

Kipindi tulienda kukirekodi kwenye boma moja ng'ambo ya Longisa, karibu na pale Mwalimu alipofundisha zamani. Mwenye boma alikuwa bibi wa kanisa, mjane, kiongozi wa akina mama wa hapo, mwenye shamba la chai na ng'ombe wa maziwa wa gredi na sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili. Kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa amewaita akina mama wa jirani walete watoto wao, nao wakawaleta wamevaa nguo za kanisani, wamepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa. Tulipewa chai kwanza, kwa sababu hakuna kazi inayoanza hapo kabla ya chai. Tukaweka meza kwenye nyasi. Mwalimu akaingia chini yake. Watoto wakakaa mbele, na akina mama wakajipanga kando, karibu na ghala la mahindi, mikono mapajani.

Sehemu za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko studio. Jogoo alisalimia kwa Kipsigis na watoto wakaangukiana kwa kicheko. Akauliza rangi ya kilemba chake, akangoja funda moja la chai, wakapiga kelele, "Nyekundu!" Akajifanya kusinzia, wakamwamsha. Hata Kogo alikuwa amefunika mdomo na ncha ya kitambaa.

Kisha jogoo akasema, "Leo tumekuja wengi. Hebu tuone, tuko wangapi?"

Akamwelekezea mdomo mtoto wa kwanza. "Moja." Akamwelekezea wa pili. "Mbili."

Mama mmoja akainuka kule kando. Hakuwa na haraka. Alikuja akitabasamu, akampangusa mtoto wake pua, akamshika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu anataka choo. Jogoo akasema, "Tatu." Mama mwingine akaja, akasema ng'ombe ameingia kwenye mahindi na mtoto huyu ndiye anayejua kumfukuza. Wa tatu alisema wake ana kikohozi na nyasi zina umande, na jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyekunja uso. Walikuja mmoja mmoja, kama watu wanaoanua nguo wakati wingu bado liko mbali, na kila mmoja aliniachia sababu nzuri, yenye heshima.

Mwalimu hakuona kitu. Chini ya meza alikuwa na kioo kidogo cha kumwonyesha picha ya kamera, lakini siku hiyo jua lilikuwa limekipiga na kukifanya cheupe. Alikuwa akisikia tu, na alichosikia ni watoto waliotulia. Mimi nilisimama na karatasi mkononi. Mwenye kamera hakuwa ameambiwa asimamishe, akaendelea. "Nane," akasema jogoo, akizielekezea nyasi tupu mdomo. "Tisa. Kumi! Tuko kumi! Mnasemaje, watoto?"

Akangoja. Alingoja sawasawa, kama alivyonifundisha.

Kogo ndiye aliyeinuka. Alibeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya meza, akaketi.

"Toka huko chini, mama," alisema. "Mimi siwezi kuongea na leso."

Mwalimu akatoka kwa magoti, nyasi kwenye sketi, jogoo bado mkononi. Aliangalia uwanja mtupu, akaangalia watoto waliosimama nyuma ya sketi za mama zao, na nikaona ameelewa yote bila kuambiwa.

"Kogo, nisamehe," alisema. "Lakini si mimi niliyehesabu. Ni jogoo."

Kogo akamshika jogoo mdomo, akaufungua, akachungulia ndani kama anayekagua meno ya ndama sokoni. "Huu mkono ni wa nani?"

"Wangu."

"Na sauti?"

"Yangu, Kogo."

"Sasa huyu jogoo yeye amefanya kazi gani?"

Akina mama wakacheka, na Mwalimu mwenyewe akacheka kidogo. Kogo naye alicheka, akaendelea akiwa bado anacheka. "Mimi nimeokoka, unajua. Sisemi kuna kitu kitakuja kwa hawa. Nasema tu, hao si wako wa kuhesabu."

Hakuna aliyecheka tena. Nadhani Kogo alitaka kusema kwamba watoto si wa mtu yeyote kuhesabu, wake au wa mwingine. Lakini maneno yalikuwa yametoka vile, mbele ya akina mama wote wa pale, na kila mmoja wao alijua kwamba Mwalimu hana wake. Mwalimu aliinamisha uso, akaanza kumtoa jogoo mkononi, polepole, kidole kwa kidole. Kogo alimtazama. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akarudi na chupa ya chai, akammiminia kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo siku hiyo yote ilikuwa imefanywa na wasichana.

Mwalimu alishika kikombe bila kunywa. "Sitawahesabu, Kogo," alisema. "Si hapa tu."

"Si hapa tu, wapi?"

"Popote."

"Basi kunywa chai."

Hakuna aliyekuwa amemwomba ahadi hiyo. Kogo angeridhika na pole. Nimeifikiria mara nyingi, na naamini aliitoa kwa sababu ilikuwa ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho pale cha kumpa mwenyeji wake.

Tulipomaliza chai aliomba ruhusa ya kujaribu jambo jingine. Alimwita kila mtoto aende kwenye michai iliyokuwa kando ya uzio, achume majani mawili na chipukizi lake, vile wote walivyowaona mama zao wakichuma, aje aweke kwenye uteo mbele ya jogoo. Wakatoka mbio. Wakarudi mbio. Jogoo akahesabu vichipukizi. Mtoto mmoja mdogo sana alileta konzi nzima ya majani magumu pamoja na kijiti, na jogoo akavimba, akageuka kuwa karani wa kituo cha kununulia majani, akanguruma, "Hii ni nini? Haya ni mabua! Rudisha shambani!" Akina mama walilia kwa kicheko. Wote walimjua huyo karani. Hata mwenye kamera ilibidi aache kamera isimame yenyewe kwa mguu wake. Walipofika kumi watoto walipiga kelele hadi ng'ombe wakageuka, na halafu mawe ya mvua yakaanza kuanguka, tukakimbiza vyombo ndani.

Sijawahi kushiriki kutengeneza kitu kizuri kuliko kipindi kile. Tulikituma Nairobi, tukangoja.

Jibu lilikuja kwa simu. Jopo lilikipenda. Walisema wamecheka sana, walisema watoto wa majaribio walitaka kukiona tena. Ila sehemu ya "Tuko wangapi?" haikufuata maelekezo, yalihesabiwa majani ya chai badala ya watoto. Tungeomba sana, walisema, mrekodi upya sehemu hiyo tu, na yote yatakuwa yamepita.

Mwenye studio alikuwa na suluhisho kabla simu haijapoa. Kule kambini nilikokulia kuna shule ya chekechea, watoto wa wafanyakazi wa kila kabila, wazazi wote wako shambani asubuhi. Mwalimu mkuu tunamjua. Tunaingia, jogoo anahesabu, tunatoka, hata chai ya saa nne hawajapewa. Alinitazama mimi nikaombe ruhusa. Mimi pia niliona ni jambo dogo, nikamwambia Mwalimu hivyo tukiwa wawili hotelini. Nilimwambia Kogo hatajua kamwe.

"Ni kweli," alisema. "Hatajua."

Alikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. Nikamwambia kuhusu miaka yote aliyongoja. Nikamwambia kuhusu watoto wa nchi nzima, ambao hawajui Kogo ni nani. Nilisema vizuri, nilikuwa nimejiandaa. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyowasikiliza watoto wanaosimulia ndoto.

"Nilisema popote," alisema. "Nikiingiza mkono kwa huyo jogoo tena nihesabu watu, mkono utajua. Na mtoto anasikia mkono ukiwa na wasiwasi. Hataelewa ni nini, lakini atashika kamba ya kiatu."

Nikamwuliza kama anaamini kweli kwamba kuna kitu kitawapata wakihesabiwa.

"Sijui," alisema. "Wewe mama yako anaamini?"

Nilimpigia mama simu jioni ile, nikamwuliza habari za kuku.

Tulikutana wote ofisini kwa mwenye studio siku Nairobi walipotaka neno la mwisho. Simu iliwekwa mezani kwa sauti kubwa. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na adabu sana, na hakuwa mtu mbaya. Nilisikia mtoto mchanga akilia nyuma yake na yeye akimbembeleza katikati ya sentensi. Alisema ikiwa Mwalimu ana uzito na sehemu hiyo, wao wanaweza kuirekodi Nairobi, na mwigizaji wao, na watoto wa huko. Kisha itakuwa rahisi msimu mzima urekodiwe huko huko. Jogoo atabaki jogoo. Jina la Mwalimu litabaki, kama mshauri.

"Atawahesabu watoto?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Kama maelekezo yalivyo."

"Basi shoneni jogoo mwingine. Huyu hapana."

Mwanamke yule akasema anaelewa, ingawa ilikuwa wazi haelewi, akaomba apewe nafasi ya kuzungumza na wakubwa, akaaga. Mwenye studio alizima simu. Aliegemea kiti, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa hapa pia," alisema. "Lakini watoto wanahesabiwa kila siku. Shuleni. Kliniki. Sensa. Imetokea nini? Hii ni runinga tu."

"Bosi, wewe una watoto wangapi?"

Alifungua mdomo kujibu. Niliona jibu likimfika, likasimama.

"Wapo," alisema.

Mwenye kamera akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka, na mwenye studio akaanza kucheka yeye mwenyewe, kicheko cha mtu aliyekamatwa, hadi akatoa leso ya mfukoni. Kwa muda mfupi nilidhani mambo yamegeuka. Alipomaliza kucheka alikunja leso vizuri, akairudisha mfukoni, akasema kwa upole kwamba mhubiri ataanza mwezi ujao. Alisema hata mtoto wake wa mwisho atamlaumu. Mwalimu akasema ajibu tu kwamba jogoo ameenda kulala.

Alikuwa amekuja na mfuko wake umeshafungwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuja kuuliza. Alituambia Jumatatu anaenda Kapsoit, kuna chekechea ambayo mwalimu wake amekwenda kujifungua na watoto wanakaa tu na mpishi. Alimshukuru mwenye studio kwa chumba. Alimwambia mwenye kamera aache kupiga picha za maua. Alinipa mkono mimi wa mwisho, akaushikilia, nami nilitaka kusema jambo lenye uzito wa siku ile, nikatafuta, na yeye akangoja, akanipa muda wangu wote. Sikulipata. Akanipiga begani kidogo, kama ambaye amejibiwa vya kutosha.

Chumba cha pili kwaya ya kanisa ilikuwa ikirekodi. Kwa hiyo alitoka kwa kunyata, akageuka korido, akashika kitasa kwa mikono miwili, akauvuta mlango polepole ukafunga bila kelele.